Ndugu wa Ghorofa ya Nne

Tai alikuwa amenyolewa shavu moja tu alipoiona riziki ikipita ng'ambo ya barabara.

Siku hiyo riziki ilikuwa na umbo la bibi kizee mwenye kikapu cha mboga. Alifika kwenye lango la jengo kuukuu, akaegemea ukuta, akakohoa, akazitazama ngazi kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda, kisha akakohoa tena. Tai aliyaona yote hayo ndani ya kioo cha kinyozi.

"Nani yule?" aliuliza bila kugeuza shingo, maana wembe ulikuwa karibu na koo.

"Bi Mkubwa wa ghorofa ya nne," kinyozi akamjibu. "Yumo humo tangu mimi sijazaliwa. Na kodi anayolipa kwa mwezi, wewe huwezi kununulia viatu."

"Viatu vya namna gani?"

"Kandambili."

Msomaji ambaye hajawahi kutafuta nyumba katika mji mkubwa hana budi kuelezwa jambo hapa, asije akadhani kinyozi alikuwa anapiga domo tu. Mji ule ulikuwa umejaa pomoni. Watu walipanga vyumba, wakapanga nusu za vyumba, na kulikuwa na bwana mmoja aliyepangisha kabati lake akisisitiza kwamba lina hewa. Lakini zamani halmashauri ya jiji ilikuwa imefunga kodi za majengo kadhaa ya kale, na tangu hapo hazikupanda tena. Mwenye nyumba angeweza kulia, kuapa na kugaragara. Kodi ilibaki palepale. Na mpangaji akifa, ndugu aliyekuwa akiishi naye alibaki humo kwa kodi ileile. Ndiyo maana mashangazi wa majengo yale waliuguzwa kwa mapenzi ambayo mashangazi wa kwingine hawayajui.

"Ana watu wake?" Tai akauliza.

"Siku hizi mimi namwona peke yake. Tulia, nimalizie hili la kushoto."

Lakini Tai alikuwa ameshajifuta povu na kusimama. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mama yake pamoja na askari wachache. Mjini kote aliitwa Tai. Wengine walidai ni kwa sababu ya tai aliyofunga shingoni kila siku, hata Jumapili, hata kwenye joto. Wengine walidai ni yule ndege anayezunguka juu ya vitu vinavyokaribia kufa. Mwenyewe hakuwahi kukanusha lolote.

Alivuka barabara na ndevu za upande mmoja.

"Shikamoo bibi! Lete kikapu. Mimi ni wa Idara ya Wazee."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mkubwa alimtazama shavu la kulia, akamtazama la kushoto. "Idara yenu haina wembe?"

"Tunahudumia wazee kwanza, sura baadaye."

Wakapanda. Kila ghorofa Bi Mkubwa alisimama kukohoa, na kila kikohozi kilimwingia Tai masikioni kama wimbo wa harusi. Walipofika juu na mlango ukafunguliwa, akasahau kusema. Vyumba viwili vikubwa. Dari refu hata mtu angeweza kurusha mpira. Jiko lenye dirisha lake, na roshani iliyopokea upepo kutoka pande mbili. Kweli, rangi ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mgonjwa, bomba la jikoni lilitiririka bila kufungika, na sakafu ya bafuni ilikuwa mashimo matupu.

"Mwenye nyumba hataki kutengeneza hata kitasa," Bi Mkubwa alisema, akijitupa kitini. "Anangoja nichoke nihame, au jengo liniangukie. Lipi litaanza, kwake sawa."

"Na watoto, bibi? Wajukuu?"

Akakohoa kwa muda mrefu. "Sina mtu, baba. Hata paka alihama."

Tai akamshika mkono kwa majonzi makubwa. Moyoni alikuwa akicheza.

Mpango wake ulikuwa mwepesi, kama mipango yote mikubwa. Nyumba hakuwa nayo ya kuuza. Angeuza undugu.

Mteja wa kwanza alikuwa Daktari wa Meno. Daktari huyu alikuwa na nyumba tatu na huzuni moja, kwamba hazikuwa nne. Tai alikuwa na hoja nzuri na jino bovu, akaona avipeleke pamoja.

"Ghorofa ya nne, katikati ya mji, kodi iliyofungwa," alisema Tai kutoka kwenye kiti cha wagonjwa, kila daktari alipotoa chuma kinywani. "Ukiwapangishia wasafiri kwa usiku mmoja mmoja, daktari, utaacha hata kung'oa watu meno."

"Lakini mimi si ndugu yake."

"Bado."

Daktari akasimamisha mashine. "Unasemaje?"

"Bibi kumbukumbu zimemtoka. Juzi aliniita kwa jina la marehemu mumewe. Ingia, sema 'shangazi', kaa naye kila Jumamosi. Siku ikifika ataandikisha jina lako kama ndugu anayeishi naye. Kuna ada, lakini si kubwa. Ada ya ukoo."

"Unalipwa wewe?"

"Naipokea kwa niaba ya ukoo."

Mteja wa pili alikuwa Mama Vigae, aliyeuza vigae vya sakafu kwa jumla na kuongea kwa sauti iliyofika mpaka bohari la jirani. Mwanawe wa pekee alikuwa anaoa, na baba wa binti alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatapelekwa kuishi katika chumba cha nyuma ya duka, kati ya magunia ya saruji. Mama Vigae alikuwa ametafuta nyumba mpaka miguu ikavimba.

"Nikilipa hiyo ada," alisema, mikono kiunoni, "nitakuwa mtoto wa kaka kamili au wa kambo?"

"Kamili, mama. Baba mmoja, mama mmoja."

"Wa kambo ingekuwa nafuu?"

"Ingekuwa nafuu, lakini wa kambo hawarithi."

Akalipa ukamili. Tai akampangia Jumatano, mbali kabisa na Jumamosi, akaenda kukutana na kinyozi ili amalizie shavu la kushoto.

Jumamosi ya kwanza daktari alisimama mlangoni na mfuko wa matunda, jasho likimtiririka, Tai nyuma yake. "Shangazi!" alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Bi Mkubwa akaweka mkono kifuani. "Mtoto wa kaka yangu?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulivyokuwa mkubwa! Na vile vidonda vya kichwani, vilipona?"

Daktari alimtazama Tai. Tai akainamisha kichwa kidogo.

"Vilipona, shangazi."

"Na kukojoa kitandani?"

"Niliacha," alisema daktari kwa huzuni.

Wakakaa, wakanywa chai. Bi Mkubwa akamwuliza kasomea nini, naye aliposikia ni meno, akafumbua kinywa kumwonyesha yaliyobaki: mawili ya juu, moja la chini, nayo hayakuwa yanakutana. "Wewe unawatengeneza watu wa mjini wote," alisema taratibu, "na shangazi yako anamumunya." Wiki mbili baadaye alikuwa na meno ya bandia ya aina bora kabisa, meupe kama sahani za wageni, na alipocheka ungedhani mtu kawasha taa.

Kwa Mama Vigae mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwa kuwa yeye alilia kabla hajaambiwa alie. Alimkumbatia bibi, akamwita shangazi, akamsimulia habari za marehemu kaka yake ambaye hakuwahi kuwako, kwa undani uliomshangaza hata Tai. Bi Mkubwa alilia naye. Kisha akafuta macho na kusema kwamba amefurahi kumwona kabla hajafa, maana juzi ameteleza tena bafuni kwenye yale mashimo. "Siku nikivunjika nyonga nitalazwa, nyumba itafungwa, na mwenye nyumba atapiga vigelegele. Basi. Wewe na mwanao mtanizika tu."

Ijumaa mafundi wa Mama Vigae walikuwa wanabandika vigae bafuni. Jumanne wakaingia jikoni.

"Nani kaweka hivi?" daktari aliuliza Jumamosi, akikipapasa kigae kwa kidole.

"Mimi," Tai akamjibu. "Kwa ajili ya mali yako ya kesho."

Daktari, asitake kuonekana mchoyo mbele ya dalali, akamleta fundi bomba wa kliniki yake, akabadilisha mabomba yote na kuweka sinki jipya. Jumatano Mama Vigae akaona sinki, akauliza, na Tai akainamisha macho kwa unyenyekevu. "Ni mimi, mama. Nilifikiria bibi harusi akiosha vyombo."

Siku hizo Tai alitembea mjini kama waziri. Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera. Yeye, muuzaji wa nyumba za watu, alikuwa akilala katika stoo iliyokuwa nyuma ya duka la kufulia nguo, pamoja na pipa la sabuni, na mwenye duka alikuwa ameshamwambia mara kadhaa atafute pengine. Jioni moja akakuta kitanda chake kimewekwa nje, pipa la sabuni limechukua nafasi yake.

Akalibeba godoro lake mwenyewe hadi ghorofa ya nne kwa Bi Mkubwa. "Idara imeamua niwe karibu nawe," alisema.

"Idara ina huruma," Bi Mkubwa akasema. "Lala chumba kile cha upande wa kulia. Lakini kuta hizi, baba! Ndugu zangu wananipenda, nimeona, ila kwa rangi hii nitakufa kwa huzuni kabla sijaandikisha jina la mtu."

Ndipo Tai alipochukua sehemu ya ada ya ukoo, kwa mara ya kwanza, akanunua rangi. Alidhani angepaka ukuta mmoja wa kuonekana. Akapaka wote. Alikwangua, akaziba nyufa, akapaka mkono wa kwanza na wa pili, tai kaitupia mgongoni isichafuke, na alipomaliza alisimama katikati ya chumba muda mrefu, akizunguka polepole. Ilikuwa zamani sana tangu alipotengeneza kitu ambacho kesho yake kingekuwa bado kipo.

Jambo likamwanzia hapo, nalo lilikuwa baya kwa mtu wa kazi yake. Akaanza kupenda nyumba. Asubuhi aliamshwa na upepo wa roshani badala ya mashine za kufulia. Alifungua bomba, maji yakaja, akalifunga, yakaacha. Jioni walikaa roshanini na Bi Mkubwa, wakiwasema wapita njia, na bibi alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe wa kinyozi. Kila aliporudi, kabla hajavua viatu, aliulizwa: "Umekula?" Tai alijaribu kukumbuka nani mwingine aliyewahi kumwuliza hivyo bila kumtilia shaka ya kukimbia bili, akashindwa.

Jioni moja akasema, macho barabarani, "Bibi, hawa ndugu zako... unawaonaje?"

"Wazuri. Yule wa meno ana mikono baridi."

"Hawaihitaji nyumba hii. Mmoja anazo tatu. Mwingine ana uwezo wa kujenga."

"Ndiyo hivyo."

"Ungeandikisha mtu ambaye anakaa humu kweli. Mtu anayejua dirisha gani linakwama."

Bi Mkubwa alimgeukia, akamtazama kitambo. Kwa mara ya kwanza Tai aliona haya, akaikaza tai yake ingawa ilikuwa imekazwa.

"Nilikuwa nangoja useme," alisema bibi. "Alhamisi anakuja afisa wa nyumba kutoka halmashauri. Ila itabidi akute nyumba imekaa sawa. Lile dirisha linalokwama. Dari la chumbani linalovuja. Na nyaya za umeme, ukigusa swichi unasalimiwa."

Tai hakulala. Siku zilizofuata aliita fundi umeme, akaita seremala, akapanda mwenyewe darini na lami. Ada ya ukoo, ya daktari na ya Mama Vigae, ikayeyuka kama barafu juani. Hakujali. Angewaambia wale wawili kwamba bibi kabadili nia, angewazungusha, angewapoteza maboya. Hiyo ilikuwa ndiyo kazi yake. Muhimu ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani hakuwa akimtapeli mtu ili akimbie. Alikuwa akimtapeli mtu ili abaki.

Alhamisi akavaa shati lililopigwa pasi. Mlango ukagongwa. Akaufungua kwa tabasamu, na tabasamu likamfia usoni: Daktari wa Meno.

"Bi Mkubwa kanipigia simu," daktari akasema. "Kaniambia leo ndiyo leo."

Kabla Tai hajapata uongo wa kumpa, sauti ikapanda ngazini, kubwa, ikilalamikia magoti. Mama Vigae akaingia, akamwona daktari kwenye kiti.

"Wewe nani?"

"Mimi ni mtoto wa kaka yake bibi. Na wewe?"

"Mtoto wa kaka yake."

"Kaka yupi?"

"Kaka alikuwa mmoja tu!"

Wakatazamana kwa hofu kubwa. "Basi sisi ni ndugu?" daktari akanong'ona.

Wote wawili wakamgeukia Tai. Lakini Bi Mkubwa alikuwa ameshatoka chumbani, kavaa nguo yake nzuri, meno yanang'aa, na kikohozi hakikusikika hata kwa mbali.

"Kaeni, wanangu," alisema. "Nimewaita wote kwa sababu sitaki kuwaficha jambo. Mwenye nyumba amenishtaki. Anasema kwa kukaa kwangu humu nimemtia hasara ya maisha. Nilikuwa na wasiwasi, lakini nimeambiwa niache, maana mimi sina kitu cha kuchukuliwa. Wataandamwa ndugu zangu wenye mali, na yeyote anayekaa nami. Namshukuru Mungu nimewapata nyote kwa wakati."

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata bomba lingekuwa linavuja lingesikika. Lakini halikuvuja.

Mlango ukagongwa tena. Wakaingia wawili: afisa wa nyumba, mama wa makamo mwenye tochi na viatu vya kutembelea, na wakala wa mwenye nyumba, bwana mwembamba aliyekuja akitabasamu.

"Afisa utajionea mwenyewe," alisema wakala. "Bafu ni mashimo, mabomba yameoza, dari linaanguka. Haifai kukaliwa na mtu. Sheria iko wazi: isiyofaa inafungwa, mpangaji anaondoka, hata awe wa kodi ya kufungwa. Inatuuma, lakini ni usalama wa bibi."

Tai akamgeukia Bi Mkubwa. Kumbe afisa hakuja kuandika jina la mtu. Alikuja kuifunga nyumba.

Afisa akaingia bafuni, akakanyaga vigae kwa kisigino. Akaenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga. Akamulika dari kwa tochi, akawasha swichi zote, akafungua dirisha kwa kidole kimoja. Wakala alimfuata nyuma, tabasamu likipungua chumba hadi chumba. Lile bomba alilifungua mwenyewe, akalifunga, akalifungua tena, kama mtu anayelisihi livuje kidogo tu.

"Nyumba hii," afisa akasema, "ni nzuri kuliko yangu."

Wakala akapandwa na hasira. "Basi amepangisha kinyemela! Bibi huyu hana uwezo wa kununua hata rangi. Hawa watu watatu wanaingia humu kila wiki, nimewaona. Wamemlipa! Wamekodi vyumba kwake!"

"Kama ni hivyo, haki yake inakwisha leo," afisa alisema, akawageukia wale watatu. "Niambieni. Nani kati yenu kapangishwa humu?"

Wote watatu wakatikisa vichwa.

"Nani ndugu yake, basi?"

Daktari aliziwaza nyumba zake tatu. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mimi ni daktari wa meno. Nilikuja kutazama meno."

"Mimi nauza vigae," Mama Vigae akasema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti yake haikufika hata dirishani. "Nilikuja kuona kazi ya mafundi."

Afisa akamtazama Tai. Tai aliitazama roshani. Alitazama kuta zake, maana moyoni zilikuwa zake, mkono wa kwanza na wa pili. Kisha akakumbuka kwamba neno mahakama na jina lake la kuzaliwa vilikuwa havipatani hata kidogo.

"Mimi," alisema, "ni mpaka rangi."

"Na vitu vyote hivi, nani kalipa?"

"Ni zawadi," Bi Mkubwa akaingilia kwa upole. "Watu wa mji huu wana imani sana na wazee. Au nimekosea, daktari?"

Daktari akakifungua tena kile kifungo cha koti. "Zawadi."

"Mama?"

"Zawadi," Mama Vigae akasema, na chozi likamtoka, safari hii la kweli.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa kwa ufunguo, akaingia mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, kavaa ovaroli, begi mkononi. "Mama, lori nimeliegesha nyuma," alisema. "Kuna sherehe?"

"Huyu ndiye binti yangu," Bi Mkubwa alimwambia afisa. "Ni dereva wa masafa marefu. Akiondoka huchukua wiki nyingi, lakini kwao ni hapa."

"Jina lake ninalo siku nyingi," afisa akasema, akamuaga bibi kwa heshima, akatoka. Wakala akamfuata akitazama vigae kwa chuki.

Daktari na Mama Vigae walimsogelea Tai, mmoja kila upande. Kwa watu ambao dakika chache zilizopita walikuwa wamekataana, sasa walipatana kama mapacha.

"Ada yangu," alisema daktari.

"Ukamili wangu!" alisema Mama Vigae.

"Iko darini," Tai akajibu kwa ukweli mtupu. "Na kwenye nyaya. Na dirisha lile, limekula nyingi sana."

Mama Vigae hakubishana. Alisema kwamba ana wapakiaji wa saruji bohari zima, kwamba anakwenda kuwaita, na kwamba yeye na daktari watangoja langoni mpaka Tai ashuke, hata ikiwa ni mwaka kesho. Wakashuka.

Tai akaketi sakafuni. "Ulisema huna mtoto."

"Na wewe ulisema ni wa Idara ya Wazee," Bi Mkubwa akamjibu. "Miaka mingapi nimewaandikia halmashauri, baba! Idara hiyo ingekuwepo ningeijua. Niliambiwa nyumba itakaguliwa, sina hata pesa ya kununulia kitasa, binti yangu yuko njiani na lori la watu. Ndipo ukaja wewe, na ndevu za upande mmoja. Nikasema, huyu kaletwa."

"Na ile kesi?"

"Kesi gani?"

Tai akacheka bila kutaka. Kisha kicheko kikamwishia. "Na zile jioni za roshani? Ile 'umekula'?"

Meno mapya ya Bi Mkubwa yalijificha kidogo. "Hizo sikukudanganya," alisema. "Ungekuwa mtu wa bure nisingekupa chai mara ya pili. Ila chumba kile ni cha mwanangu. Siwezi kukupa."

Dereva, aliyekuwa kimya akinywa maji jikoni, akakiosha kikombe, akakiweka. "Utingo wangu kaacha kazi njiani," alisema. "Natafuta mtu wa kupakia, kushusha na kukaza kamba. Ana mshahara, si mkubwa. Analala ndani ya kichwa cha lori, kuna kitanda nyuma ya viti."

"Mchukue," Bi Mkubwa akasema. "Mkono wake wa rangi si mbaya. Ulimi wake usiusikilize."

Mlango wa nyuma haukuwepo. Jengo lilikuwa na lango moja, na langoni walikuwa wanangoja. Lakini lilikuwepo godoro kuukuu la bibi, la pamba, zito, lililokuwa litupwe. Tai akavaa ovaroli ya ziada, akajitwika godoro likamfunika mpaka kifuani, akashuka ghorofa zote nne akiwa haoni kitu. Langoni akasikia pumzi za wanaume wengi na sauti ya Mama Vigae.

"Mpisheni mtu na mzigo wake!" Mama Vigae akawafokea wapakiaji wake. "Pita baba, pita, pole na kazi."

"Ahsante mama," godoro likasema.

Jioni ile walikuwa nje ya mji, lori limesimama kwenye kituo cha mafuta. Mikono ya Tai ilikuwa imechubuka kwa kamba, na mgongo ulikuwa unamdai maelezo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori akitafuna mkate, akiwaza kwamba kwa hesabu yoyote ile sasa alikuwa na mahali pa kulala pasipo na kodi kabisa, wala ndugu wa kumrithi, ndipo bwana mmoja aliyevaa suti mpya akamjia na sanduku.

"Samahani, ndugu yangu," yule bwana alisema. "Nasikia malori haya huwa na nafasi ya mtu mmoja mbele. Nina haraka sana, na niko tayari kulipa unavyotaka."

Tai aliacha kutafuna. Aliitazama ile suti, akayatazama yale macho yanayoamini kila kitu. Akasimama, akajipangusa makombo, akamwekea yule bwana mkono begani kwa upendo.

"Umemfikia mtu mwenyewe," alianza. "Sasa nikueleze, nafasi hizi za mbele watu wanazigombania kuliko—"

"Thubutu!"

Sauti ya Dereva ilitoka upande wa pili wa lori, tulivu, pamoja na mlio wa mafuta yakiingia tangini.

Tai akauondoa mkono wake begani mwa yule bwana, kidole baada ya kidole, akaenda kukaza kamba.